Kuvu ukutani, daftari mkononi: nilivyovuka baridi kwenye nyumba ya kaunsili

Tulipewa nyumba ya kaunsili, yaani ya kupanga kutoka serikali ya mtaa, Mei 2024, vyumba viwili, katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Siku ile nilisujudu. Tulikuwa tumekaa miezi minane kwenye chumba kimoja cha hosteli, mimi na wanangu wawili, na mdogo alikuwa na miaka mitatu. Nje jua lilikuwa linawaka hadi saa tatu usiku. Mimi mtoto wa Tanga sikuwaza kumuuliza mtu nyumba ile inakuwaje Desemba.

Desemba ikafika. Nyuma ya kitanda cha watoto, kwenye kona, ukuta ukaanza kutoa vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Nikafuta. Wiki haikuisha, vikarudi na kupanda mpaka dirishani. Mdogo akaanza kukohoa usiku, kifua kinapiga filimbi. Baridi ile nilipiga simu kaunsili mara tatu, na jibu lilikuwa moja: fungua madirisha, usianike nguo ndani. Mtu wa mwisho akaniuliza huwa tunapika nini. Niliona aibu, nikaamini kosa ni langu, nikanyamaza mpaka Aprili. Aibu ile ilinigharimu msimu mzima, na mwanangu akalipa kwa kifua chake.

Oktoba 2025 baridi ya pili ilipoanza kunukia, jirani yangu, mama wa Kikongomani kutoka Bukavu, alinikuta nasugua ukuta ule ule. Akaniambia, "Dada, huku neno la simu linakwenda na upepo. Andika." Kesho yake akaniletea daftari la shule la mwanawe lililobaki kurasa nyingi. Nikaanza: tarehe, saa, chumba gani, ukuta upi, nimeongea na nani, kasema nini. Kila Jumapili nilipiga picha kona ile nikiwa nimesimama pale pale, ili anayetazama aone doa linavyokua. Siku tulizokwenda kwa daktari niliziandika pia, na nikaomba barua inayosema mtoto ana shida ya kifua na nyumba ina unyevu.

Jirani huyo huyo ndiye aliyenisimulia habari za Awaab Ishak. Mtoto wa miaka miwili, wa familia ya Kisudani, aliyefariki Desemba 2020 mjini Rochdale kwa sababu ya kuvu la muda mrefu kwenye nyumba waliyopangishwa. Baba yake alikuwa ametoa taarifa tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Familia ile nayo ilidhaniwa kwamba namna yao ya kuoga na kuishi ndiyo iliyoleta unyevu. Niliposikia hivyo nilikumbuka swali la "mnapika nini", nikalia.

Kwa ajili ya mtoto yule kuna sheria inayoitwa kwa jina lake, na imeanza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa kaunsili na mashirika ya nyumba. Hatari ya haraka, inayotishia afya au maisha sasa hivi, lazima ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu vyenye hatari kubwa lazima vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi tangu utoe taarifa. Uchunguzi ukiisha, wana siku 3 za kazi kukuandikia walichokiona, na siku 5 za kazi kuifanya nyumba iwe salama. Wakishindwa, inawapasa wakutafutie pa kukaa. Siku hizo nilizinakili nyuma ya jalada la daftari.

Barua yangu niliituma wiki ya kwanza ya Novemba, kwa barua pepe ili ibaki na tarehe. Haikuzidi mistari kumi. Sikueleza uchungu wangu, ingawa ulinijaa. Nilitaja ukuta, tarehe niliyoona kuvu mara ya kwanza, simu tatu za mwaka uliopita, umri wa mtoto, barua ya daktari, picha sita. Nikamalizia kwa kuomba uchunguzi kwa mujibu wa sheria ile.

Siku ya nane ya kazi mkaguzi aligonga mlango. Alichukua kipande cha karatasi ya chooni akakiweka kwenye feni ya bafuni inayovuta mvuke, huku feni inanguruma. Karatasi ikadondoka. Feni ilikuwa inapiga kelele tu, haivuti chochote. Kisha akatoka nje akatazama juu: mfereji wa paa umeziba majani, maji yanamwagikia ukutani, na ukuta wenyewe ndio ule wa chumba cha watoto. Nilisimama pale na daftari langu mkononi, nikakumbuka miezi yote niliyojilaumu kwa kupika wali.

Mafundi waliua kuvu kwa dawa, wakabadili feni, wakazibua mfereji. Lakini nisiwadanganye, na sisi tulikuwa na letu. Nilinunua kipima unyevu kidogo cha bei ndogo, asubuhi ya kwanza kikaonyesha asilimia 84 chumbani kwa watoto. Inatakiwa iwe kati ya 40 na 60. Nikaanza kufunika sufuria na kufunga mlango wa jiko ninapopika. Nguo nikazihamishia bafuni, mlango umefungwa, feni inavuta. Kitanda nikakisogeza kiganja kimoja kutoka ukuta wa nje, maana hewa isipopita nyuma yake ukuta unabaki wa baridi na mvuke wa pumzi unageuka maji hapo hapo. Asubuhi nafuta vioo kwa kitambaa, nafungua madirisha robo saa, nafunga. Wiki mbili baadaye kipima kilisoma 61. Na kama kuvu ni kidogo ukaamua kulisafisha mwenyewe, usilisugue kavu, utalipeperusha lote hewani, na usichanganye dawa za kusafishia.

Pesa nayo. Nyumba yetu ina mita za kulipia kwanza, umeme na gesi. Aliyetumia LUKU nyumbani Tanzania atadhani anaijua mita hii, nami nilidhani hivyo. Tofauti ni kwamba hapa kuna tozo ya kila siku hata kama hujawasha kitu. Kiangazi cha kwanza chote sikuwasha gesi ya kupashia nyumba joto wala sikuijaza mita, deni likajijenga kimyakimya, na pauni 20 za kwanza za Oktoba zikamezwa kabla radieta, vile vyuma vya ukutani vya kupashia chumba, haijapata moto. Sasa naweka kidogo kidogo kuanzia Juni. Pia niliacha kukimbilia hita ya umeme, kwa sababu uniti ya umeme inauzwa karibu mara nne ya uniti ya gesi. Nawasha boila, mtambo wa gesi unaopasha maji ya radieta, kipimo cha joto nakiweka kwenye nyuzi 18, na sofa nimeiondoa mbele ya radieta.

Misaada niliyoiogopa kuiomba ilikuwepo. Ile inayoitwa Warm Home Discount, punguzo la pauni 150 kwenye umeme, baridi ya 2025/26 ilifunguliwa kwa kila kaya inayopokea Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na jina lake liko kwenye bili ya umeme. Mimi ilikuja bila kujaza fomu, kama vocha ya mita. Wastani wa joto ukishuka hadi sifuri au chini kwa siku saba mfululizo, kati ya Novemba na Machi, kuna pauni 25 kwa wenye sifa, na mwenye mtoto chini ya miaka mitano anayepokea Universal Credit na hana kazi huwa miongoni mwao. Kampuni ya umeme nayo ina orodha ya wateja wa kuangaliwa kwanza. Mwenye mtoto mdogo anaingia bure, nikajiandikisha kwa simu. Na kaunsili zilikuwa na fungu la kusaidia kaya, lililoanza 2021 na kupangwa kuisha Machi 2026. Nilipewa vocha ya chakula wiki ambayo mita ilinimaliza.

Januari, asubuhi ya theluji, boila ikazima huku inagugumia. Jirani akaniuliza kwa simu kama kuna bomba jeupe la plastiki linalotoka nje ukutani. Lipo. Ndilo linalotoa maji ya boila nje, na yalikuwa yameganda. Nilimwagia maji ya uvuguvugu, siyo yanayochemka maana bomba linapasuka, kisha nikabonyeza kitufe cha kuwashia upya. Ikawaka. Kabla ya hapo ningekaa siku mbili na watoto ndani ya makoti nikisubiri fundi.

Kuna jambo moja naliandika kwa herufi nzito moyoni mwangu. Baridi ya kwanza niliwahi kufikiria kuingiza jiko la mkaa ndani, kama tunavyokaa karibu na jiko kwetu. Kwetu hewa inapita juu ya ukuta na chini ya mlango. Nyumba za huku zimezibwa. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na watu wanalala wasiamke. Tafadhali, usiingize jiko la mkaa ndani, hata kwa nusu saa, hata mita ikiwa tupu. Tangu Oktoba 2022 wenye nyumba England wanatakiwa kuweka king'ora cha gesi hiyo kwenye chumba chenye boila ya gesi. Kama chako hakipo au kimekufa, andika barua leo.

Sasa ni Machi 2026. Mtoto analala usiku mzima. Ukuta umekauka, ila lipu waliyoahidi kuibandua na kupiga upya haijaguswa. Niliwasilisha malalamiko rasmi, wakajibu ndani ya siku 10 za kazi, jibu halikutaja tarehe ya kazi. Jumatatu napeleka hatua ya pili, ambayo wana siku 20 za kazi kuijibu, na baada yake kuna msuluhishi wa nyumba ambaye hatozi hata senti. Daftari limebaki kurasa nne. Jirani ameshaniletea jingine.