Ukirudi na dodoso la mgongo kwenye begi

Karibuni nyumbani, ninyi mliosomea uzamivu wa maumivu ya mgongo kwenye nchi za baridi. Anayerudi Tanzania kuendelea na utafiti huo atasumbuliwa na mambo mawili: karatasi na maneno.

Karatasi zinachosha, ila njia yake inajulikana. Vyeti vya nje vinapelekwa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, vitambuliwe. Anza ungali huko, maana chuo ulichosoma hakina haraka yako. Utafiti unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya taasisi yako na cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha barua zishuke mkoani, halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Kama takwimu za wagonjwa zitaenda kwa profesa wako wa zamani, mkataba wa kuzihamisha uandaliwe mwanzoni kabisa.

Maneno ndiyo kazi yenyewe. Dodoso la Roland-Morris, linalopima jinsi maumivu ya mgongo yanavyomzuia mtu kufanya shughuli zake, lililotungwa Uingereza mwaka 1983, lina vipengele 24, na viwili vinauliza habari za kupanda ngazi. Mama anayeishi nyumba ya chini hana ngazi, kwa hiyo haviwekei alama ya ndiyo, nawe unamhesabia nafuu. Kingine kinauliza kama mtu hushikilia kitu anapoinuka kwenye kiti cha kupumzikia. Kuinuka kwenye kigoda ni shughuli nyingine kabisa, na choo cha kuchuchumaa ndiyo usiseme. Wala halimuulizi kama ameacha kujitwisha ndoo, jambo ambalo majirani wote wameshaligundua.

Usikae usiku mmoja ukabadilisha vipengele peke yako. Watafsiri wawili wafanye kazi kila mmoja kivyake, mmoja anajua tiba na mwingine haijui. Tafsiri zao ziunganishwe, wengine wawili wasioliona dodoso la asili wairudishe kwa Kiingereza, kamati ikae, kisha watu 30 hadi 40 wajaribu kulijaza dodoso na waeleze walichoelewa. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa pesa zikipungua, na ndiyo inayofichua makosa.

Chukua neno "kiuno". Ukiuliza mgongo, mmoja atashika katikati ya mabega, mwingine juu ya makalio. Ukiuliza kiuno, mwanamume anaweza kudhani unamchunguza nguvu za kiume, na wapo watakaokujibu kwamba ni ngiri au figo. Dawa yake ni picha: mchoro wa mtu kwa nyuma, umetiwa kivuli kuanzia chini ya mbavu za mwisho hadi mikunjo ya chini ya makalio. Muulize: "Ni hapa?" Halafu mwache aseme kama panachoma, panavuta au pamekufa ganzi.

Saa nazo zina mtego. Kwenye shajara ya mazoezi mgonjwa ameandika "saa 2". Kompyuta inasoma saa nane za usiku, na baadaye unashangaa kwa nini kijiji kizima kinafanya mazoezi usiku wa manane. Weka visanduku vya asubuhi, mchana, jioni na usiku. Badala ya "saa 24 zilizopita", uliza "tangu jana wakati kama huu".

Mizigo ya mazoezi usiiagize nje. Maji lita 1 ni kilo 1: anza na dumu la lita 5, panda hadi 10, kisha ndoo ya 20 kama ndiyo anayoibeba kila siku. Ila kabla hajagusa dumu, uliza homa za jioni, kupungua uzito, maumivu yasiyotulia usiku na miguu kuishiwa nguvu, kisha pitisha vidole kwenye uti wa mgongo kutafuta kibyongo kipya. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho huko ulikokuwa ulikutana nacho mara chache, hapa usikisahau.

Mwisho, hesabu ya washiriki. Kama unahitaji 120 wamalize na unategemea asilimia 20 watoroke, gawa 120 kwa 0.8 upate 150. Wengi huongeza asilimia 20 juu ya 120, wanapata 144, na wanapungukiwa. Na usiwaandikishe masika inapoanza. Watu wako shambani, na mwenye jembe haji kliniki kupimwa mgongo. Nauli ilipwe siku hiyohiyo, kabla hajatoka mlangoni.