Kukimbia Longonot: kilomita chache, mlima mzima

Mtu aliyezoea kilomita 21 za lami akisikia kwamba njia yote ya Longonot, mlima wa volkeno ulio karibu na Naivasha nchini Kenya, ni kama kilomita 13.4, huona hiyo ni mbio ya kumaliza kabla ya chai ya saa nne. Hesabu hiyo ndiyo huwachosha watu vibaya. Kwenye volkeno udongo ndio unaopanga kasi, na udongo wa Longonot hubadilika mara kadhaa kati ya lango na kilele. Asiyejua unapobadilika hutumia nguvu zake zote mahali pasipostahili, kisha hushuka akiwa na mapaja yanayotetemeka, na huko ndiko ajali nyingi hutokea.

Tuanze na vipimo. Lango liko karibu mita 2,150 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkeno, ni kilomita 3.1, kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2, kisha unarudi kwa njia ile ile ya kilomita 3.1. Kilele chenyewe, kwenye ukingo wa magharibi, kina mita 2,776. Kwa hiyo kati ya lango na kilele unapanda mita 626, na hapo hujaongeza mabonde madogo ya ukingoni ambayo hukushusha na kukupandisha tena na tena.

Iko kanuni ya zamani ya William Naismith wa Uskoti, ya mwaka 1892, ambayo bado inasaidia: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Ukiitumia hapa unapata kama saa 3 na dakika 45 za kutembea bila kupumzika. Mkimbiaji anayemaliza kilomita 10 za barabarani kwa dakika 50 hadi 55 ajipangie saa 2 na nusu, na anayetoka pwani aongeze nusu saa nyingine. Kwenye mita 2,500 kila pumzi ina takribani robo tatu tu ya oksijeni unayoipata Mombasa au Dar es Salaam. Moyo utapiga kama wa mtu anayekimbia mbio fupi hata ukiwa unajikokota. Usipigane nao. Tembea penye mwinuko mkali, kimbia panapolala.

Kilomita ya kwanza ni ya nyasi na vichaka vya leleshwa, na ni tambarare. Miguu ikiwa mipya hapa kila mtu hutaka kuachia. Mimi nasema pasha mwili polepole, kwa sababu mbili. Kwanza, mlima unaanza ghafla, na ukiufikia ukiwa umeshapandisha pumzi hutazishusha tena hadi ukingoni. Pili, hii ni hifadhi ya taifa, wapo nyati, na nyati aliyelala kichakani hushtushwa na mtu anayekuja mbio kimyakimya. Acha vipokea sauti vya masikioni nyumbani, mkimbie wawili au watatu mkizungumza, na muulizeni askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) langoni wanyama wameonekana upande gani asubuhi hiyo. Wao ndio wanaojua, na wakikuambia usubiri, subiri.

Kisha mwinuko. Longonot umejengwa kwa majivu na mawe mepesi ya pumisi yenye matundu, na udongo wa namna hiyo haushikamani. Mvua ikinyesha, maji hufuata njia ya watu na kuichimba, ndiyo maana sehemu nyingi za kupanda zimekuwa mifereji, mingine inayomfikia mtu kiunoni au zaidi. Ndani ya mfereji mchanga ni mwingi na kila hatua inarudi nyuma kidogo. Kwenye mdomo wa mfereji udongo ni mgumu zaidi, lakini ukingo wake unaweza kumeguka chini ya mguu. Chagua mfereji kama ni mpana wa kutosha kuweka miguu miwili. Kama ni mwembamba umbo la V, toka nje, kwa maana huko ndiko vifundo vya mguu hupinda. Panda kwa hatua fupi, unyayo wote chini, mikono juu ya mapaja panapozidi. Ukisukuma kwa vidole peke yake, mchanga unanywa nguvu yote na misuli ya nyuma ya miguu inakaza mapema.

Ukifika ukingoni una uamuzi mmoja: kulia au kushoto. Ukienda kulia unakifikia kilele mapema, jua likiwa bado chini, kisha sehemu kubwa ya mzunguko inabaki ya kukimbilia. Ukienda kushoto unaanza na panda-shuka za mashariki na kusini, na kilele kinakusubiri mwishoni, saa ambayo mawe yameshapata moto na chupa ya maji imekuwa nyepesi. Kwa anayekimbia mimi napendekeza kulia bila kusita. Kushoto kunawafaa wanaotembea na wanaotaka kilele kiwe ndicho kilele cha siku.

Ukingoni kijia ni chembamba, na mahali pengine kuna mteremko pande zote mbili: kulia kwako nje ya mlima, kushoto kwako msitu ulio chini ndani ya kreta. Hapa sheria ni moja. Macho yakitaka kuangalia mandhari, miguu isimame. Ziwa Naivasha liko upande wa kaskazini-magharibi, mlima Suswa kusini, Kinangop na Nyandarua mashariki, na yote yanastahili kutazamwa, lakini kwa kusimama. Ukikutana na watu wanaotembea, wapishe kwa kusimama pembeni pale penye kichaka cha kushika. Kuwapita wenzako kwa nguvu kwenye kijia hicho ni kuwahatarisha.

Sasa sehemu ambayo wengi hawaisomi kabla: kushuka. Volkeno hii ina nyuso mbili za mteremko, na kila moja inataka mguu tofauti kabisa.

Wa kwanza ni mchanga wa kina, majivu yaliyolegea yanayofunika kiatu. Huo unaweza kuuamini. Weka kisigino kwanza, legeza magoti, acha mguu uteleze kidogo kabla ya kuinua mwingine, mikono wazi kwa mizani. Mchanga wenyewe ndio breki.

Wa pili unafanana na wa kwanza ukiutazama kwa mbali, na huo ndio mtego. Ni tabaka jembamba la changarawe za pumisi juu ya majivu yaliyogandamana yakawa mwamba. Kukanyaga hapo ni kama kukanyaga punje za mahindi zilizomwagika kwenye sakafu ya saruji. Kisigino kikitangulia, punje zinaviringika na unakaa chini kabla hujajua. Hapa shuka na hatua fupi za haraka, unyayo wote, mguu ukitua chini ya nyonga na si mbele ya mwili, kiwiliwili kikiegemea kidogo kuelekea chini. Kuegemea nyuma kwa hofu ndiko kunakoangusha. Utautambua uso huu kwa rangi na sauti: ni wa kijivu-njano uliopauka, unang'aa kidogo penye kusuguliwa na viatu, na unakwaruza badala ya kunyamaza.

Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa inafanya kazi huku ikirefushwa. Maumivu yake hufika kilele siku ya pili, si jioni ile ile. Njia ya kuizoesha ni kushuka kwenyewe: wiki tatu au nne kabla, tafuta mteremko wowote wa dakika tatu au nne, ushuke mara sita, mara moja kwa wiki. Kupanda ngazi peke yake hakusaidii upande huo.

Viatu viwe na soli yenye meno ya milimita 4 au 5. Raba za barabarani zenye soli laini hushika kwenye lami na kuteleza kwenye changarawe. Kata kucha siku mbili kabla, maana kwenye kushuka vidole hugonga mbele, na kucha ndefu huwa nyeusi. Mchanga wa pumisi una ncha kali na huingia kila mahali. Usipovaa vifuniko vya kifundo, angalau vaa soksi ndefu uzikunje juu ya mdomo wa kiatu, na ukihisi punje moja, simama uitoe. Ukiivumilia, kilomita mbili baadaye ni lengelenge.

Maji hakuna mlimani. Hata tone. Beba lita 2 kwa mtu mmoja, na kwenye nusu lita mojawapo tia ORS, chumvi za kurudisha maji mwilini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kofia ni ya lazima: uko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, juu ya mita 2,500, na ukingoni hakuna mti wa kukuhifadhi. Kitambaa cha kufunika pua kinafaa msimu wa kiangazi, hasa ukikimbia nyuma ya kundi.

Kuhusu siku ya kwenda: nzuri kuliko zote ni siku moja au mbili baada ya mvua nyepesi. Majivu yakiwa na unyevu kidogo hushikana, vumbi hulala, na kushuka huwa raha. Katikati ya masika, Machi hadi Mei, mifereji inageuka vijito na kingo zake zinabomoka. Hiyo si ya kukimbilia. Kiangazi kikali kinapitika, ila vumbi litakula muda wako. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi. Uwe hapo saa hiyo. Lipa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kabla hujatoka nyumbani, kwani fedha taslimu hazipokelewi. Ukitoka Nairobi kwa matatu, hakikisha ni ya njia ya chini, ya Mai Mahiu. Nyingi za Naivasha hupita barabara ya juu na hutaiona Longonot ila kwa mbali. Shuka mjini Longonot, kisha boda hadi langoni.

Anayetaka kilomita ndefu za kujenga pumzi bila mwinuko, hifadhi ya taifa ya Hell's Gate iko jirani, na kukimbia au kuendesha baiskeli kunaruhusiwa kati ya pundamilia na swala. Barabara ya chini ni ngumu na ya vumbi, ukipita mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower. Korongo la Ol Njorowa ni jambo jingine. Lilichongwa na maji yaliyokuwa yakitoka Ziwa Naivasha zama ziwa lilipokuwa kubwa, na kuta zake hazina pa kukimbilia mafuriko yakija. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba humo. Mvua huweza kunyesha mbali, juu yako mbingu ikiwa safi. Usiingie kwa mbio, na usiingie kabisa siku yenye mawingu upande wowote.

Suswa, kusini, ni wa waliokwisha kuielewa Longonot. Maji ni shida hata kwa wenyeji, ambao huvuna mvuke wa ardhini na kuupoza uwe maji ya kunywa, kwa hiyo beba lita 3. Chini ya nyasi kuna mapango ya lava, mengine paa lake limeporomoka na mdomo umefichwa na vichaka. Usikate njia yako mwenyewe hata pakionekana wazi. Chukua kiongozi Mmaasai wa hapo hapo, mkubaliane kabla ya kuanza kwamba mtakimbia, ili aje aliye tayari kukimbia.