Alipokwisha Kutazama Yote Pande Zote

Tafakari ya wiki. Somo: Marko 11:11

"Naye akaingia Yerusalemu hata ndani ya hekalu, na alipokwisha kutazama yote pande zote, kwa kuwa ni wakati wa jioni, akatoka, akaenda Bethania pamoja na wale Thenashara."

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mstari huu tumezoea kuupita. Jumapili ya Mitende tunapunga makuti na kuimba Hosana, na mahubiri huishia kwenye lango la mji. Tukifungua Biblia tena, Bwana tayari anapindua meza za wabadili fedha. Katikati ya mambo hayo mawili ipo jioni moja ambayo Marko peke yake ametuandikia. Yesu ameingia mjini na rafiki zake baada ya safari ndefu kutoka Galilaya kupitia Yeriko. Umati umeshatawanyika na giza linakaribia. Anaingia mpaka ndani ya hekalu, anatazama yote pande zote, kisha anaondoka kwenda kulala Bethania, kadiri ya maili mbili kutoka hapo. Hatusomi kwamba alifundisha jioni ile, wala kwamba alimponya mtu. Alitazama.

Nimeutafakari sana mstari huu tangu tuliporudi kutoka Mombasa na marafiki zangu wa kwaya. Tulipanga kuzunguka kwa gari: Moshi, Taveta, Voi, Mombasa, kisha kuvuka Likoni, kupita Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga, na kurejea nyumbani kwa njia ya Korogwe na Same. Ruhusa za kazini zilikuwa fupi, kwa hiyo mji wa Mombasa ulipata siku moja tu, tena siku yenye mpaka mkali: gari lilipaswa kuwa limevuka feri kabla ya saa ambayo wafanyakazi wa mjini wote wanarudi ng'ambo. Tuliondoka Voi kabla ya alfajiri. Ndugu yetu aliyekuwa anaendesha aliandika orodha ya mahali pa kwenda, na kila mahali pakapewa dakika zake.

Wapo wanaosema safari ya namna hiyo haina maana, kwamba huwezi kuujua mji kwa kuupitia mbio. Nimesikia hata mahubiri ya namna hiyo. Mimi sikubaliani nayo, na sababu yangu ni jioni ile ya Marko. Bwana wetu naye alikuwa na muda mfupi. Hakusema, "Kwa kuwa jua limekuchwa, tutatazama siku nyingine." Muda mchache aliokuwa nao aliutumia kutazama, tena yote, pande zote.

Tulianzia Rabai, unapokata kutoka barabara kuu pale Mazeras. Kwetu sisi wa Kilimanjaro, Rabai si mahali pa wageni. Hapo ndipo alipotoka mmisionari Johannes Rebmann alipokuja bara na kuuona mlima wetu na theluji yake, tarehe 11 Mei 1848. Alipoandika habari hiyo, wako wataalamu wa Ulaya ambao hawakuwahi kukanyaga huku, nao wakamkatalia kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na Ikweta. Hiyo tunaifahamu tangu shule ya msingi. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kwamba mtu huyo alikaa Afrika Mashariki miaka 29 bila kurudi Ulaya, na alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu. Waongofu wake walikuwa wa kuhesabika. Mmoja wa wale wa kwanza kabisa katika kituo hicho alikuwa mlemavu aitwaye Mringe, aliyebatizwa akiwa mgonjwa wa kufa.

Nyumba yake na ya mwenzake Krapf bado zimesimama pale, pamoja na jengo la zamani la kanisa ambalo sasa ni makumbusho. Nilisimama kwenye kivuli cha jengo hilo nikifikiri juu ya macho ya Rebmann. Yaliona kitu ambacho dunia ilikibishia, na ndicho kilichompatia jina katika vitabu vya jiografia. Lakini macho hayo hayo yalimwona Mringe, mtu ambaye hakuna ramani iliyomhitaji. Sijui kama kuna kazi ya macho iliyo kubwa kuliko hiyo.

Kutoka Rabai tuliingia kisiwani kwa foleni ya malori, tukavuka daraja la Nyali hadi Kengeleni. Kengele yenyewe imesimama kando ya barabara, na bodaboda na matatu zinaizunguka mchana kutwa. Ni kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kanisa la Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika utumwa, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Tulipiga picha upesi na kuendelea. Laiti tungekuwa na saa nzima hapo! Lakini hata kwa dakika zile, mmoja wetu aliisoma Zaburi ya 124 kwa sauti, tukiwa tumesimama katikati ya moshi wa magari: "Nafsi yetu imeokoka kama ndege katika mtego wa wawindaji."

Karibu na hapo, upande ule ule wa bara, lipo kaburi ambalo naomba kila Mkristo anayepita Mombasa alifikie. Johann Ludwig Krapf na mkewe Rosina walifika Mombasa Mei 1844. Kufikia Juni alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na kadhi wa mji, Mwislamu, alimsaidia katika lugha. Julai, Rosina akafa kwa homa, siku chache tu baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo. Aliwaandikia waliomtuma kwamba sasa lipo kaburi moja la upweke katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni ishara ya kazi iliyoanza.

Lakini lililonigusa zaidi ni ombi la Rosina. Krapf ameandika kwamba mkewe alitaka azikwe bara, njiani, ili wapita njia walione kaburi lake na kukumbuka ni nini kilichowaleta watumishi wa Kristo katika nchi hii. Fikirini mwanamke huyo, mgeni, anajua anakufa na mtoto wake mchanga yuko mikononi, naye anafikiri juu ya watu watakaopita wakiwa na haraka zao. Hakudai waje kukaa. Alitaka wapite, na katika kupita waone. Miaka zaidi ya 170 baadaye sisi tulikuwa miongoni mwa wapita njia hao. Nasi tulipata kuokolewa kwa Injili iliyofika Uchagani baadaye kwa njia nyingine na kwa watu wengine, lakini shina lake moja liko pale. Tuliimba ubeti mmoja wa wimbo, tukaomba, tukarudi garini. Ndugu yetu mwenye orodha hakutuhimiza pale.

Ngome ya Yesu ni mahali pengine pa uzito, ingawa kwangu ulikuwa uzito wa kuumiza. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 wakaipa jina la Bwana wetu. Kuta ni nene, mizinga imeelekezwa baharini, na ndani ya kuta hizo watu wamezingirwa, wameuawa, wameoza kwa njaa na tauni. Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Waingereza waliifanya gereza, na gereza likabaki hivyo hadi mwaka 1958. Ni jengo zuri, na wenye kulitunza wanalitunza vizuri. Hata hivyo moyo wangu ulirudi katika Marko 11. Yesu aliingia katika nyumba iliyobeba jina la Baba yake, akatazama yote pande zote, na alichokiona kilikuwa soko. Hakupiga kelele usiku ule. Alikwenda nacho Bethania, akalala nacho, na asubuhi akarudi akasema, "Nyumba yangu itaitwa nyumba ya sala kwa mataifa yote." Kuna vitu ambavyo macho ya mwamini yakiviona yanapaswa kukosa amani. Jina la Mwana-Kondoo kuandikwa juu ya mizinga ni kimoja. Majirani zetu Waislamu wa Pwani wamekuwa wakiliona jina hilo juu ya ngome hiyo kwa karne nne, nasi tunapowashuhudia upendo wa Kristo inafaa tukumbuke wamelionea wapi kwanza.

Kutoka ngomeni tuliingia Mji wa Kale kwa miguu. Wengine walitaka kufika Msikiti wa Mandhry na zile nyumba zenye milango ya nakshi. Dada mmoja wetu, wa sauti ya kwanza, alikuwa amechoka, akaketi barazani kwa mzee muuza kahawa. Tulipomrudia tulimkuta ana kikombe cha kahawa tungu mkononi na kipande cha kashata, na wanazungumza kama watu wa nyumba moja.

"Shikamoo, babu," tukamwamkia.

"Marahaba, wajukuu. Mwatoka wapi?"

"Moshi, babu."

"Ah, mlimani! Na mwaenda wapi na mbio zote hizi?"

Tukamwambia habari ya feri. Akacheka kwa upole, akatumiminia kahawa kutoka katika dele, na kwa vikombe vya wengine akakataa malipo. Kisha akageuka kwa dada yetu, kwa sauti ya chini lakini bila kutuficha: "Basi mwanangu, usisahau. Mniombee huyu mjukuu wangu, Mungu amjaalie afueni." Alikuwa amekwisha kumweleza habari zote: mtoto yuko hospitali, mama yake analala huko naye, na yeye mzee anauza kahawa ili nauli ya kumpelekea chakula ipatikane.

Wapendwa, fungueni sasa Marko 12:41. Siku moja au mbili baada ya jioni ile, Bwana yumo tena hekaluni, na safari hii imeandikwa: "Naye akaketi kulielekea sanduku la hazina, akatazama." Alikuwa na siku chache tu kabla ya msalaba, siku zilizojaa maswali ya Mafarisayo, Masadukayo na waandishi, na bado aliketi. Ndipo alipomwona mjane maskini na senti zake mbili. Akawaita wanafunzi makusudi ili nao wamwone.

Mstari wa kwanza wa sura inayofuata wanatoka hekaluni, na mmoja wao anasema, "Mwalimu, tazama, yalivyo mawe na majengo haya!" Wameonyeshwa mjane muda mfupi uliopita, nao wanarudi na habari za mawe. Wala Yesu hakumkemea kwa kupenda mawe. Yeye mwenyewe aliyatazama yote pande zote. Alimwambia ukweli tu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe, na mwaka 70 majeshi ya Kirumi yaliliteketeza hekalu lile. Mjane yule hatumjui jina, lakini tunamsoma mpaka leo.

Nimeona tofauti iko wapi. Wanafunzi na Bwana wao waliutembelea mji mmoja, kwa siku zile zile, kwa muda ule ule mfupi. Wanafunzi walitoka na mshangao. Bwana alitoka na mzigo, na mzigo ule ulimrudisha asubuhi. Kwa hiyo ninapowasikia vijana wetu wakipanga safari ya siku moja Arusha, Dodoma au Dar es Salaam, siwaambii wapunguze mahali pa kwenda. Nawaomba waingie mahali hapo kama Marko alivyoandika, "hata ndani", na jioni wakae na walichokiona mbele za Mungu kabla hawajalala.

Tulifika Likoni saa ya msongamano ikiwa imeanza. Watembea kwa miguu huvuka bure, na wanashuka kile kilima kwa maelfu: mafundi, wauza samaki, wanafunzi, akina mama na mizigo kichwani. Ni watu wanaovuka maji hayo kila siku wakijua kwamba Aprili 1994 kivuko kilizama hapo jirani, Mtongwe, na watu 272 wakafa. Dada yetu alishuka garini, tukasimama naye kando ya reli ya feri, tukamwombea yule mtoto kwa jina ambalo babu yake alikuwa amempa. Usiku, tulipolala Ukunda, tuliomba tena. Dada yetu alikuwa amechukua namba ya simu ya mzee, na asubuhi, kabla hatujaelekea Lunga Lunga, akapiga kuuliza hali. Kuanzia hapo amekuwa akipiga. Mtoto amerudi nyumbani, ingawa bado anapelekwa kliniki, na kwaya imekuwa ikichanga kidogo kwa ajili ya nauli.

Wiki hii katika jumuiya zetu naomba tusome Marko sura ya 11 hadi ya 13 kwa mfululizo, bila kukata, ili tuone jinsi Bwana anavyotazama kutoka siku hadi siku. Kisha tuombee mji wa Mombasa kwa mahali na kwa watu: Wakristo wa Rabai, ndugu zetu Waislamu wa Mji wa Kale, wanaovuka Likoni alfajiri na jioni, wagonjwa wa hospitali za mji ule na wanaowauguza, na mtoto huyu pamoja na babu yake muuza kahawa. Wenye kuguswa kuchangia nauli wamwone mhazini wa kwaya Jumapili baada ya ibada ya kwanza.