Dereva Asiyeonja: Siku Moja Kando ya Ziwa Seneca

Kazi yangu ni kuwazungusha wageni kwenye viwanda vidogo vya mvinyo katika eneo la Finger Lakes, jimbo la New York, na kila ninayemweleza hunionea wivu, akidhani kwamba nashinda nikionja. Sijawahi kuonja hata tone nikiwa kazini. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nikifagia gari.

Saa nne niliwachukua abiria sita mjini Geneva, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Seneca, tukashika barabara ya upande wa mashariki wa ziwa. Nikiwa njiani huwaeleza kwa nini zabibu husitawi penye baridi kali namna hii: Seneca lina kina cha mita 188 hivi, kwa hiyo maji yake huhifadhi joto la kiangazi na kulitoa polepole majira ya baridi yanapokaribia, huku hewa baridi ikiteremka kwenye miteremko badala ya kutuama juu ya mizabibu. Huwasimulia pia habari za Konstantin Frank, mhamiaji kutoka Ukraine, aliyeshikilia kwamba mizabibu ya Ulaya ingestahimili baridi hii endapo ingeunganishwa na mashina yenye mizizi inayofaa, wakati wengi walikuwa hawamwamini.

Kituo cha kwanza kilipita salama.

Saa nane tulifika cha pili, karibu na Hector. Ni Oktoba, msimu wa mavuno, na mwenye shamba alikuja kutumiminia mwenyewe, vidole vikiwa na madoa ya zambarau, kwa sababu hana mtu mwingine wa kumwachia kazi hiyo. Bwana mmoja katika kundi langu alitangaza kwamba Riesling zote, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, ni tamu kama sharubati, ingawa iliyokuwa mbele yake ilikuwa kavu kabisa, yaani haina utamu, na nyuma ya chupa palikuwa na kipimo kinachoonyesha hivyo. Kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya maji, akaonyesha jengo jeupe, akasema tuvuke tukamalizie pale, kwani ni karibu tu.

Ni karibu kwa ndege. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 61 na halina daraja hata moja. Anayetaka kufika ng'ambo hana budi kuzunguka ncha ya kusini, mjini Watkins Glen, au arudi hadi Geneva. Nilimweleza mara tatu. Nilimchorea kwenye karatasi. Alijibu kwamba madereva hupenda kurefusha safari, wakati malipo yangu ni ya siku nzima na hayaongezeki kwa kilomita. Wenzake, wakitaka amani, wakakubali twende, nami nikapiga simu kuomba nafasi, maana viwanda vidogo havipendi kundi lisilotarajiwa.

Nyuma ya trekta lililovuta zabibu tulitambaa, sijui kwa muda gani. Tulifika pale ng'ambo wahudumu wakifuta kaunta. Binti aliyekuwa zamu, aliyesimama tangu asubuhi, alitumiminia glasi mojamoja kwa hisani, na yule bwana akauliza kama ni hiyo tu.

Kurudi Geneva alilala, mdomo wazi. Giza lilikuwa limeingia nilipofagia makombo ya biskuti chini ya kiti chake. Mwenye shamba wa Hector alikuwa amenipa chupa ya Cabernet Franc, mvinyo mwekundu. Nimeiweka kabatini pamoja na nyingine nne, zote bado zimezibwa.