Walijua mpaka mji
Jana umeme umekatika nikasoma Mathayo 2 kwa tochi ya simu, hii stori naisikia kila Krismasi toka mdogo ila kuna kitu kilikuwa kinanipita. Mamajusi, wale wataalamu wa nyota, wametoka huko mashariki wanauliza mtoto Yesu kazaliwa wapi, mfalme Herode akawaita wakuu wa makuhani na waandishi, jamaa wakajibu fasta tu Bethlehemu ya Uyahudi, andiko la nabii Mika wanalo kichwani. Sasa Yerusalemu mpaka Bethlehemu ni kama kilomita 9 hivi, yaani unaenda kwa mguu asubuhi na mchana ushafika home, lakini hatusomi popote kwamba hata mmoja wao alivaa kandambili akaenda kuchungulia!! Wakaenda wageni. Na mimi ndo mwalimu wa sande skuli jamani, nilizima tochi nikakaa tu gizani