Programu Isiyosikia Muziki

Mwaka jana mpwa wangu alikuja kukaa nami kwa wiki mbili, na hakuna usiku aliokubali kulala kabla ya kuwekewa sauti ya mvua kwenye simu yangu. Alipoondoka, orodha ya nyimbo ninayopendekezewa kila wiki na programu ya muziki ilikuwa imejaa mvua, mawimbi na hata mngurumo wa feni, huku nyimbo za magitaa nilizozizoea zikiwa zimebaki mbili tu. Nilicheka, kisha nikajiuliza programu hii husikia nini hasa.

Kwa sehemu kubwa haisikii chochote, bali huhesabu wasikilizaji. Ikiwa watu wengi wanaowapenda wanamuziki ninaowapenda mimi wanamsikiliza pia mmoja nisiyemjua, basi huyo ndiye nitakayeletewa. Mbinu hii si ngeni: mwaka 1994 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walianzisha mfumo ulioitwa Ringo, ambao watu waliupelekea kwa barua pepe alama walizowapa wanamuziki, nao ukawajibu kwa majina ya wengine ambao huenda wangewapenda. Pandora, kampuni ya redio ya mtandaoni ya Marekani, ilipita njia tofauti, kwani tangu mwaka 2000 iliwaajiri wanamuziki wausikilize kila wimbo na kuupima kwa mamia ya sifa, kuanzia mwendo wa ngoma hadi ukwaruzo wa sauti ya mwimbaji. Ni kazi ya kuchosha, lakini naiheshimu zaidi, kwa sababu wimbo ambao haujapata msikilizaji hata mmoja hauna wa kuutolea ushahidi mbele ya programu inayotegemea hesabu peke yake, hata uwe mtamu namna gani.

Ndiyo maana siku hizi pendekezo nalichukua kama fununu. Nikiupenda wimbo, nasoma ni nani aliyepiga gitaa la besi, kisha namtafuta katika albamu nyingine alizoshiriki, mara nyingi za bendi ambazo orodha yangu isingeniletea kamwe. (Wapiga besi huhamahama bendi kuliko waimbaji, na hawana makuu.) Nyimbo nisizozitaka nazikata mapema, maana kuuacha wimbo uishe wakati niko jikoni ni sawa na kuupigia kura.

Mpwa wangu anarudi mwezi Desemba. Nimeshamfungulia akaunti yake.