Hifadhi ya Arusha kwa siku moja: anzia Momella, malizia Ngurdoto

Arusha kuna watu wanaouona Mlima Meru kila asubuhi wakianika nguo, lakini hawajawahi kuingia hifadhi iliyo chini yake. Wengine wameingia mara moja na kutoka wamekunja uso: kreta ilikuwa ukungu mtupu, mlima umejifunika, wanyama wachache. Mara nyingi kosa si la hifadhi bali la mpangilio wa siku. Ukitokea Usa River, lango la kwanza ni Ngurdoto, na kreta ya Ngurdoto iko jirani, kwa hiyo karibu kila gari hukimbilia huko kwanza. Saa 1 asubuhi bakuli lile hujaa ukungu mweupe kama maziwa. Watu husimama ukingoni wakitetemeka, wanasubiri, na wakija kufika kwenye maziwa ya Momella ni saa 6 mchana, Meru imeshavaa mawingu na jua la utosi limefuta rangi za maji.

Geuza mpangilio. Ingia mapema, ipite njia ya kreta bila kukata kona, nenda moja kwa moja Momella. Kreta iachie alasiri.

Sababu iko kwenye umbo la mlima wenyewe. Meru ina urefu wa mita 4,566, ila si koni kamili. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ukaacha shimo lenye umbo la kiatu cha farasi lililo wazi upande wa Momella. Ukuta wa ndani unapanda kama mita 1,500, na katikati yake kimeota kilima cha majivu kinachofika mita 3,667. Mlipuko wa mwisho, nao ulikuwa mdogo, ulitokea mwaka 1910. Asubuhi jua linatoka nyuma yako na kuupiga ukuta huo usoni, unaona kila mkunjo wa mwamba. Kufikia saa 4 mawingu huanza kupanda, na jioni jua likiwa nyuma ya mlima unabaki na kivuli cheusi. Picha ya Meru ni ya kabla ya saa 4, basi.

Njia ya kufika ni rahisi. Usa River iko barabara kuu ya Arusha–Moshi, kilomita 20 na ushee kutoka Arusha mjini, na wa Moshi anaifikia kwa gari lolote la Arusha. Hapo unakata kushika njia ya Momella. Zipo gari za abiria ziendazo Ngarenanyuki zinazopita ndani ya hifadhi, lakini hizo ni za kukuvusha tu. Huruhusiwi kushuka katikati na kuanza kutembea peke yako. Wanaokwenda kwa kundi hukodi Noah, nayo inatosha wakati wa kiangazi kwa njia kuu na mzunguko wa maziwa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usijaribu. Udongo wa huku ni majivu ya volkano, ukilowa unateleza kama sabuni, na njia ya kupanda ukingo wa kreta ina kona zenye kivuli zisizokauka kwa siku kadhaa. Kipindi hicho tafuta gari lenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, na dereva anayejua kulitumia.

Langoni hakuna kulipa kwa noti. Malipo hufanywa kwa kadi, au kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki. Shughulikia hilo nyumbani, kwa sababu kinachokula muda langoni si foleni, ni mtandao wa simu unaosuasua huku familia nzima ikisubiri ndani ya gari. Kila Mtanzania abebe kitambulisho cha taifa, maana viwango vya mwananchi na vya mgeni vimeachana mbali na askari hatakisia uraia wako kwa lafudhi. Mifuko ya plastiki acha nyumbani. Ilipigwa marufuku nchi nzima mwaka 2019.

Dakika chache baada ya lango la Ngurdoto, mkono wa kulia na wa kushoto pori linafunguka ghafla: ni uwanda mdogo wa majani wanaouita Serengeti Ndogo. Pundamilia, nyati na ngiri huwa hapo asubuhi, na twiga hukaa pembezoni. Simama dakika kumi tu kisha endelea. Twiga utawachoka mbele ya safari, maana Momella ndiko kwao hasa. Simba hakuna, kwa hiyo usimpotezee mtoto muda kwa kumwahidi.

Maziwa ya Momella ni saba, na yana majina matamu kutamka: Momella Kubwa na Momella Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia. Yamekaa kwenye mabonde yaliyoachwa na lile poromoko la mlima. Hulishwa zaidi na maji ya chini ya ardhi, na kwa kuwa maji huondoka kwa kukauka juani, magadi hubaki na kuongezeka. Kila ziwa lina mchanganyiko wake wa madini, hivyo mwani unaoota humo hutofautiana, na ndiyo maana moja ni la kijani kibichi na la pili yake lina rangi ya samawati. Heroe, yaani flamingo, hufuata mwani huo. Mtazame mmoja kwa darubini akila: kichwa amekigeuza juu chini, mdomo umezama kidogo, anavuta na kusukuma maji kwa ulimi huku akichuja. Idadi yao hupanda na kushuka kwa sababu heroe huhama ziwa hadi ziwa kufuata chakula. Ukikuta wachache hapa, huenda wengine wako Natron au Manyara. Mzunguko wa maziwa ukiuendea polepole, na kusimama kila panapostahili, huchukua muda wa saa mbili kamili. Kukiwa hakuna mawingu, upande wa pili utaiona Kilimanjaro, na hapo utatambua kwamba umesimama kati ya milima miwili mikubwa iliyoachana kilomita 70 hivi.

Hili la maji nalisisitiza. Usinywe wala usipikie maji ya vijito na mabomba ya eneo la Momella na Ngarenanyuki. Mwamba wa Meru una floridi nyingi, ndiyo inayowatia watoto wa huku rangi ya kahawia kwenye meno. Kuchemsha hakuiondoi. Kinachopotea ni mvuke, floridi inabaki sufuriani ikiwa kali zaidi. Beba maji yako, lita 2 kwa kila mtu, na tatu kama mtatembea.

Kutembea kunaanzia lango la Momella, na ni lazima uongozwe na askari mwenye bunduki. Ukiwa na nguvu ya kulipia jambo moja la ziada, mimi ningelipia hili kabla ya safari ya mtumbwi kwenye Momella Ndogo. Njia ya maporomoko ya Tululusia inakatiza uwanda wenye nyati na twiga kisha inaingia msituni. Tembeeni kwa mstari mmoja nyuma ya askari, mazungumzo ya chini, viatu vya kufunga kwa sababu vijiwe vya volkano huviringika chini ya unyayo. Wa kuogopwa ni dume mzee wa nyati aliyejitenga na kundi, kuliko hata kundi lenyewe. Kundi hukuona mapema na kukimbia, ila huyo mzee hulala kichakani akakusubiri umkaribie. Askari akiinua mkono, simama ulipo. Mwenye kukimbia ndiye anayefukuzwa.

Chakula cha mchana kula kwenye eneo la mapumziko, na nyani wakiwepo kula ndani ya gari. Wanajua kufungua zipu. Ndizi iliyoachwa juu ya bodi la gari haidumu.

Saa 8 mchana anza kurudi kusini. Angalia mimea inavyobadilika: Momella ni kukavu, vichaka na majani mafupi, kwa sababu mvua nyingi huishia upande wa kusini wa mlima. Kadiri unavyokaribia Ngurdoto miti inakuwa mirefu, na kwenye matawi kuna ndevu za kuvu zinazoning'inia. Hapa zima injini na usubiri mbega.

Wengi huwakosa mbega kwa sababu wanawatafuta kwa kukagua majani. Tafuta mkia. Ni mweupe, mzito, unaning'inia wima chini ya tawi kama kitambaa kilichosahaulika kwenye kamba, na hakuna kitu kingine msituni kinachoning'inia hivyo. Kisha sikiliza vipande vya majani vinavyodondoka. Mbega hula majani hasa, tumbo lake lina vyumba kadhaa vya kuyachachua, na ndiyo maana mchana kutwa amekaa tu. Alasiri huanza kula tena. Akiruka, yale manyoya meupe ya ubavuni hufunguka kama kanga inayopeperushwa. Mkono wake una vidole vinne, kidole gumba kimebaki kinundu tu. Mtoto wake huzaliwa mweupe wote, kwa hiyo ukiona kidoa cheupe kifuani pa mama, shusha sauti na utazame kwa makini. Yule wa kijivu anayechakurachakura matunda ni kima.

Saa 9 na nusu uwe ukingoni mwa kreta. Upana wake ni kama kilomita 3, kina kama mita 400, na wageni hawaruhusiwi kuteremka. Hiyo ndiyo sababu sakafu yake imetulia hivyo. Bila darubini utaona nukta nyeusi. Ukiwa nayo, nukta zinakuwa nyati, na zile ndogo zinazokwenda mkia juu ni ngiri. Usikimbilie vituo vyote vya kutazamia. Chagua viwili vilivyoachana, kaa nusu saa kila kimoja. Vaa sweta hata kama Arusha mjini uliacha jua, na Julai na Agosti ongeza koti la mvua, kwa kuwa ukingoni ukungu hudondoka matone.

Kupanda Meru yenyewe ni safari nyingine, ya siku 3 au 4 kutoka Momella: Miriakamba mita 2,514, kisha Saddle mita 3,570, halafu usiku wa manane unaanza kupanda kilele. Chukua siku nne. Wanaolazimisha tatu hushuka kutoka kileleni hadi langoni siku hiyohiyo, na magoti hukumbuka wiki nzima.

Kutoka ukingoni hadi langoni hesabu nusu saa, na nusu saa nyingine ya akiba. Nyati wakilala barabarani, huwapigii honi. Unasubiri wainuke wenyewe.